Fomu ya Odeta Niliijaza Mimi

Meza yangu imeshapewa mtu mwingine, na nasikia aliipangusa kwa dawa kabla ya kuikalia. Simlaumu. Kabla sijaondoka mliniomba niwaachie kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kuwasaidia wanafunzi kuingia vyuo vya umma kupitia mipango ya majimbo. Nadhani mlitaka orodha ya fomu na tarehe zake. Orodha hiyo ipo kwenye droo ya pili, chini ya stepla inayouma vidole. Hapa nitaandika zaidi habari za makosa, maana mafanikio yana picha zake ukutani na hayanihitaji.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari Kasulu kabla ya kuja Marekani na mume wangu. Kazi hii niliianzia Louisville, katika ofisi ya chini kabisa ya jengo la chuo, ambako dirisha lilitosha kuonyesha miguu ya wapita njia tu. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kanisani, nikasimama kutwa nzima nikinakili majina. Aliyenisimamia alikuwa Bi Loreta, mzaliwa wa mji ule, mama mweusi mwenye miwani moja puani na nyingine kichwani. Alinipa kalamu ya wino mweusi na sheria moja.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi. Jina la mwanafunzi haliandikwi kutoka mdomoni, hata kama umelisikia vizuri. Unaomba kadi ya kitambulisho, unailaza mezani, unaweka kidole chini ya jina, unaandika, halafu unamsomea mwenyewe hadi akubali. Nilipomwambia kwamba mimi ni mwalimu na majina nayajua, aliniangalia kwa ile miwani ya puani.

"Jina ni la kwake," alisema. "Ukilirekebisha bila kuulizwa, umeingia nyumbani kwa mtu bila hodi."

Basi nikaweka kidole. Jioni kidole kiliniuma kama cha mtoto anayejifunza kusoma, na kesho yake Bi Loreta akanirudishia mafaili mawili niyaandike upya. Nilimchukia kwa muda wa miezi mitatu hivi, kisha nikampenda, na hadi leo nikiona jina limeandikwa ovyo nakereka.

Mume wangu alipohamishiwa kazi Columbus nilimfuata, nikapata nafasi katika ofisi iliyokuwa karibu na chuo kikuu cha jimbo, mitaa ile ambayo kila nyumba ina vyumba vya kupangisha na baiskeli barazani. Huko nilijifunza kwamba kila jimbo lina utaratibu wake. Jimbo moja linataka alama zako za sekondari tangu mwaka wa kwanza, jingine linataka kujua kipato cha wazazi, jingine linataka uthibitisho kwamba umeishi humo mwaka mzima. Mtu akihama na kuvuka mpaka wa jimbo, nusu ya aliyoyajua inabaki nyuma. Wazazi wetu walihama sana, wakifuata ndugu na viwanda, na ilikuwa kazi yetu kuwaambia mapema kwamba kuhama kunaweza kumgharimu mtoto mwaka.

Hapo ndipo nilipokutana na Safari, kijana wa Kikongo kutoka Uvira, mpole, hodari wa hesabu. Waliohakiki fomu yake waliirudisha kwa sababu jina lake la mwisho si la baba yake. Nyinyi mnajua kwamba kwa watu wengi wa Burundi na mashariki ya Kongo kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Baba, mama na watoto sita wanaweza kuwa na majina manane, na hakuna anayeshangaa. Kompyuta ilishangaa. Tulituma barua ya maelezo, ikarudi. Tukatuma ya pili.

"Mama, mi nilisha tuma ile karatasi mara tatu," Safari aliniambia kwa Kiswahili chao cha kuchanganya Kifaransa. "Bon, wanasema baba si baba yangu, juu majina haifanane. Donc nifanye nini?"

Nilimwambia asubiri. Nilishika sheria ya Bi Loreta, sikugusa jina lake, na majibu mazuri yakaja muhula ukiwa umeshaanza na nafasi imeshakwenda kwa mwingine. Safari alikuja kurudisha kikokotoo nilichomwazima, akasema amepata kazi ghalani, atasoma mwaka ujao. Mwaka ujao haukuja. Nilimwona mara moja kituo cha basi, amevaa kizibao cha kung'aa, akaniamkia kwa heshima zote kana kwamba nilimtendea wema. Heshima ile iliniuma kuliko kama angenitukana. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba sheria za Bi Loreta ni nzuri kwa watu wanaoitwa Smith.

Kutoka hapo tulikwenda Buffalo, binti yetu alikuwa amejifungua. Ofisi yetu ya mtaa wa Bailey mnaijua, na bomba lake linalogonga wakati wa baridi mnalijua. Mpango wa jimbo tuliouhudumia pale niliupenda kuliko yote niliyowahi kuifanyia kazi. Ulimchukua mtoto wa familia yenye kipato kidogo, ambaye alama zake peke yake zisingemfungulia mlango wa chuo, ukampa nafasi, mshauri, na wiki kadhaa za masomo ya majira ya joto kabla ya wenzake kuanza. Sharti lake kubwa lilikuwa siku ya kwanza ya masomo hayo. Jina likiitwa na mtu asiitike, nafasi inakwenda kwa anayengoja, na wanaongoja huwa wamekaa ukumbini humohumo na mabegi yao.

Odeta Nahimana aliletwa na baba yake mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika magotini. Baba yake, Petero Bigirimana, tulimwita Baba Eliya kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Walikuwa Warundi waliokaa kambi ya wakimbizi upande wetu wa Kigoma, na tulizungumza Kiswahili kilekile cha kule, nikajisikia nyumbani. Baba Eliya alifanya kazi katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Eliya alikuwa ghalani. Odeta alitaka uuguzi, na Eliya alishamtafutia nafasi ghalani endapo mambo ya chuo yangekwama.

"Akiingia ghalani hatoki," baba yake aliniambia. "Namjua Eliya. Alisema mwaka mmoja."

Nikamkumbuka Safari. Nilipofika kwenye sehemu ya jina kwenye fomu ya jimbo, kadi ya Odeta ilikuwa mezani mbele yangu, imeandikwa Nahimana, na mimi nikaandika Bigirimana. Nilifanya hivyo kwa makusudi. Nilijiambia kwamba baba na binti wakiwa na jina moja hakuna atakayeuliza swali, na mtoto atapita. Fomu ya serikali kuu, ile ya kuomba msaada wa ada, walikuwa wameijaza shuleni kwa jina la kadi, na mimi, mzoefu niliyejiona nimeiva, sikujisumbua kufikiri kwamba siku moja fomu hizo mbili zingekutana. Niligeuza karatasi. Odeta akaitazama, akamtazama baba yake. Baba Eliya akaweka saini. Hakuna aliyesema neno, nami nikauchukua ukimya wao kuwa shukrani.

Mwezi wa nne barua ya kukubaliwa ilifika, na mama yake Odeta alituletea ofisini sufuria la maharage na ndizi. Nilikula bila wasiwasi wowote.

Fomu zilikutana mwezi wa sita, wiki moja kabla ya masomo ya majira ya joto. Jumanne asubuhi nilipata barua pepe kutoka kwa Bi Dayana, mkuu wa mpango pale chuoni. Ilisema mwanafunzi Bigirimana hana kumbukumbu zinazolingana na kadi yoyote, kuna mwanafunzi mwingine aitwaye Nahimana mwenye anwani hiyohiyo, na inaonekana mtu ametoa maelezo ya uongo. Faili limesimamishwa. Nilisoma mara mbili. Nilijibu kwamba ni hitilafu ndogo ya uingizaji wa taarifa. Hitilafu ndogo! Nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu na niliogopa, sitaficha.

Jumatano Bi Dayana alituita, mimi na Odeta. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na miaka ya nyuma alishawahi kudanganywa na wazazi wenye nyumba mbili mbili waliojiandika maskini. Aliiweka fomu mezani, akaigeuza imwelekee Odeta.

"Nani aliandika jina hili?"

Nilivuta pumzi ili nijibu. Nakiri sijui hata leo ningejibu nini, kwa maana neno lililokuwa ulimini mwangu lilikuwa kompyuta. Odeta akanitangulia.

"Ni mimi," akasema.

Bi Dayana akaniangalia. Nilikuwa na nafasi ya kusema wakati ule, nafasi nzima, saa ya ukutani inasikika. Nilinyamaza. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akasema mwanafunzi aliyeandika jina lisilo lake kwenye fomu ya jimbo hawezi kupokelewa, ila atampa mpaka Ijumaa saa kumi alete maelezo na uthibitisho kwamba Petero Bigirimana ni baba yake. Bila hivyo Jumatatu jina halitaitwa.

Kwenye gari sikuwasha injini.

"Kwa nini umesema ni wewe?"

"Wangekufukuza kazi, mama."

"Na siku ile nilipoandika, uliona?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

Alikuwa anavuta uzi kwenye kamba ya begi lake. "Ulikuwa unatusaidia. Mtu mzima akikusaidia humwambii amekosea. Nilimwangalia baba, naye kanyamaza."

Wadogo zake Odeta, waliozaliwa hukuhuku au waliokuja wadogo, wangenirukia kwa Kiingereza palepale. Yeye alilelewa vizuri, kama sisi tulivyolelewa, na malezi yake mazuri ndiyo yaliyokuwa yanamfukuzisha chuo. Nilimfikisha nyumbani. Usingizi wangu wa usiku ule tuuache.

Alhamisi baada ya kazi nilikwenda kwao West Side, nyumba ya mbao ya ghorofa mbili iliyochubuka rangi. Baba Eliya alikuwa ametoka kiwandani, mikono imekunjamana kwa maji. Nilimweleza kwamba chuo kinataka karatasi inayoonyesha kuwa Odeta ni mtoto wake. Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Kambini wengi hawakupewa. Lakini nilijua kwamba familia nyingi zimetunza kadi ya mgao wa chakula, yenye majina ya kila mtu wa nyumba na nani ni nani kwa nani.

"Unaniuliza kama mtoto ni wangu?" alisema polepole.

"Siulizi mimi, Baba Eliya."

"Basi umetumwa kuuliza. Nimembeba huyu mgongoni akiwa na malaria mpaka zahanati, nimerudi naye. Leo nithibitishe?" Akatikisa kichwa. "Kadi ninayo. Siitoi. Kambini karatasi ikiingia ofisini hairudi. Ya ndugu yangu ilichukuliwa hivyohivyo, wakakaa miaka mitatu bila mgao kamili."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na Biblia kifuani, na nikajua kadi iko wapi. Niliona pia kwamba nikiendelea kubembeleza hivi nitashindwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nikamwambia yote: kwamba kadi ya Odeta ilikuwa mbele yangu, kwamba nilibadili jina mwenyewe kwa kuogopa kucheleweshwa, kwamba binti yake amejitwika kosa langu mbele ya mkubwa wangu na mimi nimekaa kimya kama jiwe.

Nilitegemea anifukuze. Alikaa, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Na mimi niliona," alisema. "Siku ile ya saini niliona jina langu pale pa mtoto. Nikadhani ndivyo Marekani wanavyotaka. Nikasema moyoni, haya, leo wamemchukulia mtoto jina. Nikatia saini, kwa sababu wewe ni mwalimu na ni mtu wa kwetu. Angekuwa Mzungu ningeuliza."

Sijawahi kuambiwa jambo lililonipiga kama lile. Nililia mbele za watu, na mama Odeta akanipa khanga nijifute. Baba Eliya alingoja nimalize. Kisha akatoa masharti: kadi itakwenda chuoni, lakini itakwenda mikononi mwake, na itakopiwa yeye akiiona.

Ijumaa aliomba ruhusa kiwandani kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Tulifika chuoni saa tisa. Alikuwa amevaa koti la harusi za watu, kadi kaifunga kwenye mfuko wa plastiki ndani ya bahasha. Kwenye mashine ya kopi karani alinyoosha mkono aipokee, Baba Eliya akakataa. Aliilaza mwenyewe kwenye kioo, akafunika, akaweka kiganja juu ya kifuniko mpaka mwanga ulipopita, akaichukua tena kabla kopi haijamaliza kutoka. Karani akasema hajawahi kuona mtu akiilinda karatasi hivyo. Sikumtafsiria.

Barua yangu niliiandika kwa mkono, kwa kalamu ya wino mweusi. Ilikuwa fupi. Fomu hii niliijaza mimi. Kadi ya mwanafunzi ilikuwa mezani na jina lake sahihi nililiona. Nililibadilisha mimi. Alipoulizwa alijibu uongo ili kunilinda, na mimi nikamwacha. Bi Dayana aliisoma amesimama.

"Unajua hii itakaa kwenye faili lako?"

"Najua."

"Na Jumatano ulikuwa umekaa pale." Akaonyesha kiti.

"Nilikuwa nimekaa pale."

Aliiweka barua pamoja na kopi ya kadi. Hakunipa ahadi. Alisema kamati itakaa, orodha ya Jumatatu ilikwisha kuchapwa kabla ya faili kusimamishwa, kwa hiyo wakimkataa jina litapigwa mstari na wakimkubali litabaki. "Mje Jumatatu," alisema. Jumamosi na Jumapili zile nilipika, nikafua, nikapanga kabati ambalo halikuwa na shida yoyote.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Wanafunzi mbele, wazazi pembeni, na nyuma kabisa wale wanaongoja nafasi, mabegi mapajani, macho kwa msomaji. Baba Eliya alikaa kando yangu, mkono juu ya mfuko wa koti. Eliya alikuwa amemwambia Odeta kwamba ghalani wangemhitaji siku hiyohiyo saa nane mchana. Bi Dayana alisoma kwa mpangilio wa majina ya mwisho. Akamaliza majina ya A.

"Odeta Bigirimana," akasoma.

Halikupigwa mstari. Nilifurahi kwa kitambo kifupi sana, maana Odeta hakuitika. Alikuwa mstari wa tatu, mgongo umenyooka, kimya. Nilielewa. Orodha ilikuwa ya zamani, na jina lilikuwa lile nililompachika mimi. Akiitika, ameingia, na pengine atasoma na kuhitimu kwa jina hilo. Asipoitika, hayupo.

"Odeta Bigirimana," Bi Dayana akarudia, kalamu ikashuka kwenye karatasi. Nyuma msichana mmoja alishaanza kunyanyuka na begi lake.

Nilifungua mdomo nimjibie. Baba Eliya akanishika mkono wa gauni.

"Mwache," alisema.

Odeta akasimama. Ukumbi mzima ulimsikia.

"Samahani, mama. Umekosea. Mimi ni Odeta Nahimana. Bigirimana ni baba yangu, yule pale."

Watu wakageuka kumwangalia Baba Eliya, naye akanyanyuka akiwa ameshika kofia. Bi Dayana alifungua faili lililokuwa chini ya orodha, nikaiona barua yangu, nikaiona kopi ya kadi. Akaweka kidole chini ya jina. Akalikata lile la kwanza, akaandika jingine juu yake taratibu, kisha akainua uso na kumsomea mwenyewe.

"Odeta Nahimana."

"Nipo," akasema Odeta.